Msanii wa Nne

"Ombi la Kibali cha Mkusanyiko wa Burudani Nje ya Jengo, Daraja la Tatu, Vyombo vya Kupuliza, Wasanii Wanne, Mmoja Wao Hana Kitambulisho." Hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa kwa wino wa buluu juu ya jalada la faili ambalo marehemu aliniachia, akaniagiza nianze nalo siku ya leo kabla ya kutaja hata jina lake, nami kwa kuwa ni mdogo wake, na sikuwahi kumshinda kwa ubishi tangu nijue kusema, nimeanza nalo.

Watumishi wa Mungu, wazee wa ukoo, maalim wetu aliyevuka kivuko kutoka Bofu, walimu, majirani wa Chaani, na nyote mliofika hapa Rabai leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu, mimi ni Masha Munga, karani mstaafu wa masijala, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya dada yangu, Mwalimu Eddah Nyamvula Munga, mwalimu wa muziki, mpigaji wa filimbi na mtunzi, na ninaposema filimbi naomba wajomba walioketi kule nyuma waelewe kwamba si ile ya refa.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 11 Aprili 1958, hapa hapa Rabai, katika nyumba iliyosimama pale lilipo tangi la maji sasa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Munga wa Kai na Mama Kadzo, mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, ndiyo sababu akaitwa Nyamvula, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto hakulia mpaka mvua ilipotulia, jambo ambalo sisi sita wengine tulilihesabu kuwa maringo. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema alizaliwa mwaka 1960, mwezi haujulikani, na alipokwenda kukirekebisha mwaka 1977 aliambiwa alete mtu aliyeshuhudia kuzaliwa kwake, akampeleka mama, naye karani akamtazama mama juu hadi chini, akamuuliza ana ushahidi gani kwamba alikuwepo.

Mwaka 1963 baba alipata kazi ya ulinzi kwenye matangi ya mafuta huko Changamwe, sote tukahamia Chaani, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mbele yake malori yalinguruma mchana kutwa, na nyuma yake kulikuwa na kijia kinachoshuka hadi kwenye mikoko, na huyu dada yangu, mwenye miaka mitano, akachagua kuishi upande wa nyuma. Huko ndiko alikomjua dudumizi, ambaye wengine mnamwita tipitipi, ndege wa rangi ya udongo mwekundu na mkia mrefu, asiyependa kuonekana, ambaye sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, huanza juu, hushuka upesi upesi, kisha hupanda kidogo kana kwamba amekumbuka kitu, na kwetu akiimba mama alikuwa anaanua nguo kwa sababu mvua haiko mbali. Eddah alikata bua la jani la mpapai, akalitoboa matundu matatu, akamwigiza yule ndege, na ndege akamjibu, akaja nyumbani mbio kumwambia baba, naye baba, aliyekuwa amelala baada ya zamu, akamwambia, "Vizuri, mwanangu, sasa nenda mkamalizie huko huko mazungumzo yenu." Alifanya hivyo kwa miaka sitini na miwili.

Alisoma shule ya msingi Changamwe kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akafaulu, akajiunga na shule moja ya upili ya wasichana ambayo sitaitaja kwa sababu bado ina orodha yake ya vifaa, na mtaelewa muda si mrefu. Mwaka 1973 shule hiyo ililetewa sanduku la msaada kutoka ng'ambo, karani wa stoo akalifungua, akaona ndani ya kisanduku kidogo cha mahameli mabomba matatu yanayong'aa, akafikiri sana, akaandika kwenye daftari, "Mabomba ya fedha, vipande vitatu, ya maabara, matumizi hayajulikani," na kuanzia siku hiyo filimbi ile ya kizungu ikakaa kwenye kabati la kemia katikati ya vikombe vya asidi. Marehemu, aliyekuwa zamu ya kuosha vyombo vya maabara, aliviunga vile vipande vitatu, akavipuliza kwa pembeni kama alivyoona kwenye picha ya kitabu, akakaa wiki mbili bila kutoa chochote ila upepo, na wiki ya tatu mwalimu wa kemia, akisikia sauti, alikimbia akidhani kuna kitu kinachovuja.

Alijifundisha kwa kitabu kilichokosa kurasa kumi na mbili za mwanzo, na alipomaliza kidato cha sita mwaka 1977 mkuu wa shule, mama mwenye huruma na ujuzi wa serikali, alimwandikia barua ya kumruhusu kuondoka na "kifaa kimoja cha maabara kilichoharibika kisichoweza kutengenezwa", akagonga muhuri, na ni kifaa hicho hicho kilichoharibika alichokipiga mbele ya walimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakati huo kikiitwa chuo kishiriki, wakampokea mwaka 1978, akahitimu shahada ya ualimu, somo la muziki, mwaka 1981.

Alianza kazi tarehe 11 Januari 1982 katika shule ya upili huko Likoni, akifika na barua inayosema atafundisha muziki, kwenye shule isiyokuwa na muziki, na mkuu wa shule aliisoma barua mara mbili, akamwambia kwa upole kwamba nafasi iliyopo ni ya kilimo. Alifundisha kilimo miaka minane bila kinyongo, aliwachukua wanafunzi hadi ufukoni kusoma aina za udongo, akawaketisha kwenye mizizi ya mikoko maji yakiwa yamekupwa, akawaambia wafumbe macho, wasikilize tope likipasuka vipovu, kaa wakigonga magando yao, na maji yakirudi chini kwa chini kabla hayajaonekana, na mkaguzi aliyehudhuria kipindi kimoja mwaka 1985 aliandika katika ripoti yake, ambayo ninayo hapa, "Somo lilikuwa kimya kupita kiasi, wanafunzi walionekana kufurahi bila sababu." Mwaka 1990 alihamishiwa Kisauni, hatimaye akafundisha muziki, na kuanzia mwaka 1999 hadi alipostaafu mwezi Aprili 2018 alikuwa Changamwe, na katika miaka hiyo alifundisha watoto zaidi ya mia tano kusoma noti, wengi wao kwa mabomba ya plastiki ya maji aliyoyakata mwenyewe kwa msumeno.

Alifunga ndoa takatifu na Bwana Baya Kaviha, fundi saa wa karibu na mzunguko wa Changamwe, Jumamosi tarehe 15 Desemba 1984, katika kanisa letu hapa Rabai, na uchumba wao ulianza pale marehemu alipopeleka filimbi yake ikiwa na springi iliyokatika kwa chumvi ya bahari, naye Baya, ambaye hakuwahi kuona kitu hicho, aliitazama kwa kile kioo chake cha jichoni, akasema, "Dada, saa hii haina mishale, lakini iache hadi Alhamisi." Aliirekebisha kwa springi ya saa ya mkono ya mwanamume, na springi hiyo iko kwenye filimbi hiyo hadi leo, haijawahi kuchelewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kaviha, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1986, na Ruth, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1990, ambaye ni mpigaji wa filimbi kama mama yake, na wajukuu watatu.

Sasa niseme juu ya utunzi wake, kwa sababu wengi wetu tulikula wali nyumbani kwake miaka arobaini bila kujua kwamba alikuwa akifanya kazi. Marehemu aliandika muziki wa kisasa wa filimbi, ule unaoandikwa kwa noti, unaopigwa na watu waliovaa nguo nyeusi, na wasikilizaji hukaa kimya wakingoja kuambiwa umeisha, na yote aliyoyaandika aliyatoa nyuma ya nyumba yetu. Mwaka 1987 aliandika "Kupwa", kipande cha filimbi moja, kinachoanza kwa pumzi tupu isiyo na sauti kwa muda wa dakika nzima, kama maji yanayoondoka, mwaka 1994 akaandika "Kaa Sita", vipande sita vifupi ambavyo mpigaji hapulizi kabisa, anagonga vitufe vya filimbi kwa vidole, na kimoja kinadumu sekunde kumi na tisa kwa sababu kaa huyo aliingia shimoni. Mwaka 2001 aliandika "Mvua ya Mwaka" kwa filimbi nne, wanafunzi wake wakaipeleka kwenye tamasha moja la muziki, ambako haikupata kundi la kuingizwa, ikawekwa kwenye ngoma za asili, vyombo vya kupuliza, na wakakatwa alama tisa kwa kutovaa mashuka na kutosogeza mabega. Marehemu aliitunza karatasi ya alama ile, akaitia fremu, ikakaa sebuleni karibu na picha ya harusi.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa ile ya mwaka 2011, iitwayo "Nafasi ya Dudumizi", ya filimbi tatu na ndege mmoja. Muziki, kwa wasiojua, huandikwa katika vyumba vidogo vidogo vinavyoitwa vipimo, na katika kazi hii filimbi tatu hupiga vipimo arobaini, zikimwita dudumizi kwa sauti za chini, kisha kipimo cha arobaini na moja ni kitupu, hakina noti hata moja, chini yake marehemu ameandika kwa mkono wake, "Ngoja. Usiendelee mpaka aimbe," na chini zaidi, kwa herufi ndogo, "Asipoimba, muziki huu haujapigwa." Noti zake zilichapishwa na kusafiri, zikapigwa katika miji kumi na mmoja ambayo yeye hakufika, na mara zote aliletewa barua nzuri na kanda ya kusikiliza, na mara zote pale kwenye kipimo cha arobaini na moja palikuwa na ndege wa kwenye mashine, au mpigaji wa nne aliyefichwa nyuma ya pazia, naye akawajibu wote kwa barua moja, aliyoifanyia nakala kumi na moja, "Nawashukuru sana, mmepiga vizuri mno, lakini bado hamjaupiga." Mwaka 2014 alialikwa ng'ambo aende auongoze mwenyewe, akajaza fomu kwenye ubalozi mmoja, na penye swali linalouliza ni kitu gani kitakachomrudisha nyumbani baada ya safari, aliandika neno moja, "Dudumizi", na viza ikakataliwa. Hakusikitika. Alisema ni mara ya kwanza kwa serikali yoyote kuelewa muziki wake, kwamba huyo ndege hawezi kuachwa nyuma.

Ndipo akaweka nadhiri kwamba muziki ule utapigwa mahali pake, pale kwenye mikoko nyuma ya Chaani, wakati wa masika, yeye akiwepo, na aliposema hivyo tarehe 9 Agosti 2022 alikuwa ametoka hospitalini asubuhi ile ile, ambako alikuwa ameambiwa kwamba kikohozi alichoanza nacho mwezi Januari 2021 ni ugonjwa wa mapafu kukakamaa, kwamba hautapona, na kwamba pumzi yake itakuwa inapungua mwaka hadi mwaka. Mpigaji wa filimbi aliyepunguziwa pumzi, mtaona wenyewe. Alipiga mara ya mwisho mwezi Machi 2023, akaifuta filimbi yake, akamkabidhi Ruth, na juma hilo hilo akajaza fomu ambayo kichwa chake nimekisoma mwanzo.

Fomu ilitaka majina ya wasanii wote na nambari za vitambulisho vyao, naye aliandika, wa kwanza Nadira Abdillahi, mwanafunzi wake wa zamani wa kutoka Bofu ambaye sasa ni mwalimu wa muziki, wa pili Ruth Baya, wa tatu Velma Kai, mpwa wetu, na wa nne, Dudumizi, kitambulisho hana. Fomu ilirudishwa ikiwa imezungushiwa duara jekundu, akaulizwa kama msanii wa nne ni raia wa kigeni alete kibali cha kazi, akajibu hapana, ikarudi tena, akaulizwa kama ni mtoto chini ya miaka kumi na minane alete idhini ya wazazi, akajibu kwamba umri wake haujulikani na wazazi wake hawakuwahi kuulizwa chochote na ofisi yoyote. Mimi nilitumikia masijala miaka ishirini na minane, nilimwambia aandike wasanii watatu yaishe, na Baya naye akamwambia, "Mama Ruth, mtoe huyo ndege kwenye karatasi, si akija atakuja tu," lakini yeye alitutazama sote wawili kama watu waliovaa viatu kitandani, akasema, "Nikimtoa kwenye karatasi yao nitakuwa nimemtoa kwenye yangu."

Faili lilikaa miaka miwili. Mwaka 2024 marehemu alianza kutumia mtungi wa oksijeni, na mazoezi yakafanyika sebuleni kwake, Nadira akivuka kivuko kila Jumapili na filimbi yake ndani ya mkoba, mpaka baba yake, Maalim Abdillahi, mwalimu wa chuo cha Kurani, alipoona apande naye siku moja ajue binti yake anakokwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi sina ubaya na jambo lenu, lakini nataka kujua, ndege huyo yuwasema nini," naye marehemu akamjibu, "Maalim, wallahi hata mimi nataka kujua, ndiyo maana nimemwachia nafasi," na tangu siku hiyo Maalim alikuwa akija na kashata.

Mwezi Aprili mwaka huu faili lilimfikia afisa mmoja, Bwana Tumu, mtu wa pwani, aliyebakiza miezi minne astaafu, naye akaona si haki kumkataa msanii ambaye hajaonwa, akaandika kwamba atakwenda mwenyewe kumkagua. Alikuja Jumatano tarehe 23 Aprili, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mikoko, faili magotini, marehemu akiwa ameshushwa hadi pale kwa mkokoteni wa maji wa jirani yetu Dhahabu, mtungi wake wa oksijeni ukiwa umefungwa kwa kamba mahali pa madumu, Nadira akapiga sauti zile za kuita, na kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi dudumizi hakutoa hata mlio mmoja. Bwana Tumu alijipangusa jasho, akaandika, na nanukuu, "Msanii hakuhudhuria ukaguzi. Hata hivyo sikupata sababu ya kuamini kwamba hayupo." Akatoa kibali, Jumamosi tarehe 24 Mei, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa sharti moja aliloliandika kwa mkono, kwamba wasanii wote wanne waliotajwa lazima wahudhurie, la sivyo kibali ni batili na haikubaliki kutangaza kwamba onyesho limefanyika, na marehemu alipolisoma sharti hilo alicheka mpaka tukaongeza oksijeni, kwa sababu ndilo sharti lile lile aliloliandika yeye mwaka 2011.

Siku ile tulikuwa watu kama sabini, na Bwana Tumu akiwa na saa yake mkononi, na Daktari Mwanarehema, aliyemtibu marehemu miaka yote mitatu, akiwa amesimama kando ya mkokoteni, mawingu yakiwa mazito upande wa Tsunza, maji yakianza kujaa. Filimbi tatu zikaanza, na sijui niwaelezeje, malori yapo, jenereta la kiwanda lipo, na juu ya yote hayo ukasikia maji yakipanda kwenye mizizi, na ilikuwa pumzi ya wasichana watatu. Walipofika kipimo cha arobaini marehemu alisikia mtungi wake ukifanya "sss", sauti ambayo haikuandikwa mahali popote, akanyoosha mkono, akaufunga mwenyewe. Hilo lilikuwa limekubaliwa baina yake na daktari wiki iliyotangulia, dakika tano, si zaidi. Wakaingia kipimo cha arobaini na moja, Nadira akateremsha filimbi, na sote tukangoja.

Yaliyofuata marehemu aliagiza niyasome mwisho kabisa, baada ya shukrani, kwa maneno yake mwenyewe, "Masha, ukiwaambia mapema watainuka waende kwenye pilau, na hakuna atakayemshukuru daktari."

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi alasiri, nyumbani kwake Chaani, kwenye kitanda kilichowekwa karibu na dirisha la nyuma, Baya na Ruth wakiwa wamemshika mikono, mvua ikinyesha, bila maumivu, na Baya aliisimamisha saa ya ukutani, akaitazama, kisha akaitia ufunguo tena, akasema Mama Ruth hapendi vitu vilivyokwama. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu watano tuliobaki, kazi ishirini na sita zilizoandikwa, na kifaa kimoja cha maabara kilichoharibika.

Familia inamshukuru kwa dhati Daktari Mwanarehema na wauguzi wote, na kwa kuwa kuna maneno yanayozunguka Chaani kwamba alimwacha mgonjwa bila hewa, tunasema mbele ya watu wote kwamba alifanya alichoombwa na mgonjwa mwenye akili timamu, na kwamba jioni ile ile alimpima marehemu na hali yake ilikuwa imerudi kama ya jana yake. Tunamshukuru jirani yetu Dhahabu, aliyekataa kuuza maji siku mbili ili mkokoteni uwe huru, tunamshukuru Maalim Abdillahi na familia yake, walimu waliofundisha na marehemu Likoni, Kisauni na Changamwe, kwaya ya kanisa, kamati ya mazishi, majirani waliopika, na tunamshukuru Bwana Tumu, ambaye ameketi pale chini ya turubai na hataki tumtaje. Waliosema kwamba siku ile Baya alijificha mikokoni na simu yenye mlio wa ndege, nao tunawashukuru kwa kuja.

Dada, umetuongoza kusikiliza muda mrefu, na wengi wetu tulichelewa, sasa weka filimbi chini, mkono wako upumzike, na amani ya Bwana ikae nawe huko kwenye utulivu ambao hata mkaguzi hawezi kuuandikia ripoti.

Na sasa nasoma karatasi ya mwisho ya faili, iliyosainiwa na Bwana Tumu na mashahidi wawili. Kipimo cha arobaini na moja kilianza saa moja na dakika kumi na saba asubuhi. Dakika tano ziliisha, daktari akapeleka mkono kwenye mtungi, marehemu akaufunika mkono huo kwa wake, akaonyesha kidole kimoja. Dakika ya sita ikaisha, akaonyesha kingine. Simu zote zilikuwa zimezimwa na kuwekwa kwenye beseni la Dhahabu. Saa moja na dakika ishirini na nne dudumizi mmoja aliimba kutoka upande wa matangi ya mafuta, akarudia mara mbili, marehemu akainua mkono, filimbi tatu zikaingia, naye ndiye aliyeufungua mtungi. Wasanii waliohudhuria walikuwa wanne.